Viganja na Kiko

Fundi makochi alikuwa mtu mgumu, na hakuona sababu ya kumwomba radhi yeyote kwa hilo. Wateja walimvumilia kwa sababu kochi lake halibonyei hata likikaliwa na ukoo mzima. Mkewe alimvumilia kwa sababu na yeye ulimi wake haukuwa na mfupa; akipewa moja anarudisha tatu. Binti yao alikuwa na miaka ishirini na mitatu na kazi yake ilikuwa kuchora ramani za viwanja kwenye ofisi ya mpimaji. Yeye alimvumilia baba yake akiwa amelala kifudifudi.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Binti alizaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi. Ute wa mapafu, ambao kwa watu wengine ni mwepesi na hujitokea wenyewe bila mtu kujua, kwake ulikuwa mzito kama gundi ya mbao iliyoanza kukauka. Usipotolewa unakaa, ukikaa unaleta vijidudu, na vijidudu vinakula pafu kidogo kidogo. Kwa hiyo kila asubuhi alivuta mvuke wa maji ya chumvi kwenye mashine ili kuulegeza, kisha akajilaza juu ya benchi la mteremko alilotengenezewa na baba yake, lenye mbao ngumu, sponji ya inchi tatu na plastiki inayopanguswa. Hapo fundi alimpiga mgongo.

Kumpiga huko kulikuwa na ufundi wake. Kiganja hukunjwa kama cha mtu anayeteka maji, ili kikishuka kishuke na hewa ndani. Kikilala bapa kinachapa na kuumiza. Kikikunjwa vizuri hakiumizi, ila kinatikisa, na sauti yake ni nzito, ya chini, kama mtu anayebisha mlango wa mbao akiwa na glavu. Fundi alipiga kushoto dakika kumi, kulia dakika kumi, ubavuni, karibu na bega, halafu akamketisha akohoe. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na moja na nusu. Hakukosa hata siku aliyokuwa na homa, na hakumwacha mtu yeyote asahau kwamba hakukosa.

Kabla ya binti huyo kulikuwa na mtoto wa kiume. Alikohoa mwaka mmoja na miezi miwili, watu wakasema mafua, wakasema kifua, wakasema meno, akafa kabla ya daktari yeyote kulitaja jina la ugonjwa. Fundi hakupenda kulizungumza jambo hilo. Badala ya kulizungumza alipiga mgongo.

Siku vita vyao vilipoanza, binti alikuwa upande wa kushoto, shavu limebanwa kwenye plastiki.

“Nimepata kazi,” alisema. Maneno yalitoka yamekatikakatika kwa sababu ya viganja.

“Kazi unayo.”

“Nyingine. Idara ya ramani, mji wa mbali. Saa tisa kwa basi. Naanza baada ya wiki sita.”

Viganja havikusimama. Fundi alimaliza dakika zake za kushoto, akamgeuza, akamaliza za kulia, akamketisha. Binti akakohoa na kutema kwenye kikombe chenye kifuniko. Baba akakichukua kikombe, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha na kutazama rangi na uzito wa makohozi, kama alivyofanya kila siku, kwa jicho lile lile analotazamia kitambaa kabla ya kukikata. Ndipo akasema.

“Na huko nani atakupiga?”

“Sipigwi na mtu. Nina kiko.”

Kiko chenyewe alipewa na daktari wa mazoezi wa kliniki. Kilikuwa kifaa cha plastiki chenye umbo la kiko cha tumbaku, na ndani yake mlikuwa na gololi ya chuma. Ukipuliza, gololi inarukaruka, na mtetemo wake unarudi kifuani kuubandua ute. Baadaye unatoa pumzi kwa nguvu, mdomo wazi, kama mtu anayepulizia kioo ili akipanguse. Ute unapanda, unakohoa, unatema. Mtu anaweza kufanya hayo peke yake, kwenye kiti chochote, katika mji wowote.

“Kiko,” fundi alisema. “Nimekulea na mapafu hayo, leo unaniletea kiko kama babu mstaafu.”

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. “Mtoto akililia wembe, mpe,” alisema.

“Mpe wewe. Mimi ndiye nitakayefunga kidonda.”

Siku nne nzima nyumba ilikuwa moto. Fundi alisema hakuna kwenda, binti akasema hakuomba ruhusa, alitoa taarifa tu. Fundi akamwuliza ni nani aliyemtia kiburi hicho, akajijibu mwenyewe kwamba ni yule wa kliniki. Daktari wa mazoezi alikuwa kijana mwembamba, na chumba chake kilijaa mipira mikubwa ya kukalia wagonjwa, kwa hiyo fundi alimwita Bwana Mipira. Alimchukia tangu siku ya kwanza, siku kijana yule alipomwambia kwamba siku hizi wagonjwa hawainamishwi kichwa chini sana, na kwamba benchi lake lilikuwa na mteremko mkali kupita kiasi. Mtu ambaye hajawahi kupigilia hata msumari mmoja kumsahihishia benchi. Fundi alilipunguza mteremko baadaye, usiku, bila kumwambia mtu, lakini hakumsamehe.

Mwishowe ni yeye mwenyewe aliyetoa wazo la kupimana. Alilitoa kwa jeuri, mbele ya mkewe ili kuwe na shahidi. Wiki mbili binti atumie kiko peke yake, wala yeye hatamgusa. Wiki mbili nyingine atampiga yeye, na kiko kikae kabatini. Mwisho wa kila wiki mbili waende kliniki wakapime pumzi. Kikishinda kiko, aende na baraka zote. Vikishinda viganja, aandike barua ya kuikataa kazi na mambo yaishe.

“Nakubali,” binti alisema upesi.

Alikubali upesi kwa sababu aliogopa. Tangu apate akili hakuwahi kupitisha siku bila viganja vile, na hata yeye hakujua kama angeweza kuishi bila hivyo. Fundi aliliona hilo machoni mwake na likampa moyo, kwa sababu alikuwa mtu wa kufurahia hofu ya mpinzani hata mpinzani akiwa mtoto wake.

Bwana Mipira alipoelezwa alikunja uso. “Mapafu hayashindanishwi, mzee. Pointi mbili tatu hazina maana. Njia nzuri ni ile mgonjwa atakayoifanya kila siku.”

“Wewe pima,” fundi alisema. “Hukumu tuachie sisi.”

Kijana akampima binti ili wapate pa kuanzia. Mashine ya kupima pumzi ilikuwa na bomba la karatasi ngumu. Binti alivuta hewa mpaka mwisho, akapuliza kwa nguvu zote huku kijana akimhimiza “endelea, endelea, endelea,” mpaka uso ukamwiva. Kwenye kioo ukatokea mstari uliochongoka na namba yake pembeni. Sitini na tano kwa mia ya pumzi ya mtu mwenye afya. Kwa mtu mwenye ugonjwa ule hiyo haikuwa mbaya. Kijana akamwonyesha pia namna ya kushika kiko, kwa haraka, maana kulikuwa na foleni nje.

Zikaanza wiki mbili za kiko.

Fundi hakumsemesha mwanawe, na mwanawe hakumsemesha. Maneno yalipitia kwa mama. “Mwambie mumeo chai iko tayari.” “Mwambie binti yako nimeisikia.” Mama alibeba ujumbe huo kwa siku mbili, halafu akasema kwamba yeye si mtu wa posta na kwamba wote wawili wana midomo, akaacha.

Saa kumi na mbili asubuhi fundi aliamka kama kawaida, na mikono yake haikuwa na kazi. Akaingia karakana mapema, akaanza kugonga misumari kabla majirani hawajaamka. Karakana na chumba cha binti vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na fundi alikuwa na sikio la pekee. Alizijua springi kwa sikio. Kati ya springi arobaini za kochi kubwa angeweza kukutajia ile iliyochoka kwa kukalia mara moja tu. Kwa hiyo alisikia yote, mvuke wa mashine, kimya, kisha kiko, na gololi ikigonga ndani ya plastiki.

Siku ya tatu alijua kwamba gololi haichezi vizuri.

Ilikuwa inagonga polepole, kwa uvivu, tak, tak, tak. Siku ile kliniki, kijana alipokipuliza kwa mfano, gololi ilinguruma. Fundi aliweka nyundo chini na kusikiliza. Akajua na sababu yake. Binti alikuwa anakiinamisha kiko chini kupita kiasi, kwa sababu mtu wa ramani huinama hata anapokula. Kiko kikiinama, gololi inakosa kasi, mtetemo unaishia mdomoni na haufiki kifuani. Kingeinuliwa kidogo tu, kiasi cha kidole kimoja, kingefanya kazi yake. Ilikuwa sentensi moja, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, asingehitaji hata kunyanyua sauti.

Alinyamaza. Aliokota nyundo, akaendelea na misumari.

Alijipa sababu, kama watu wote wenye hatia. Alisema moyoni kwamba makubaliano yalikuwa asiguse, na kusema ni kugusa. Alisema kwamba yule kijana ndiye aliyelipwa mshahara kufundisha. Alisema kwamba huko anakotaka kwenda hakutakuwa na baba nyuma ya ukuta, basi ajue sasa. Sababu zote zilikuwa nzuri na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Ya kweli ni kwamba alitaka kushinda.

Siku ya nane binti alimkuta nyuma ya nyumba, ameinama kwenye pipa la taka. Mkononi alikuwa na karatasi iliyofunga makohozi ya asubuhi, ameifunua kwenye jua anaitazama. Yalikuwa machache na yalikuwa yameanza kuwa kijani.

“Weka chini,” binti alisema. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia kwa siku nane.

“Nilikuwa naangalia tu.”

“Hata makohozi yangu huniachii? Nimetema, nimefunga, nimetupa, na bado unayachimbua. Nikifa utaomba uyakague kwanza?”

“Yamepungua. Na yamebadilika rangi.”

“Sikukuuliza.”

Hapo tena angeweza kusema. Kidole kimoja juu, basi. Badala yake aliikunja karatasi, akairudisha pipani na kunawa mikono kwa muda mrefu. Mchana huo alivalisha kochi la mteja kitambaa cha maua, na alipomaliza akaona maua yote yametazama chini. Katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kufanya kosa kama lile. Akayang'oa yote akaanza upya, akimtukana kila aliyepita mlangoni.

Siku ya kumi na nne walikwenda kliniki. Binti alipuliza mara tatu, kwa nguvu zake zote. Fundi alikaa pembeni na hakuwa na shaka juu ya nguvu hizo. Sitini na moja.

“Imeshuka kidogo,” Bwana Mipira alisema. “Unakishika vizuri?”

“Ndiyo.”

Fundi alitazama mipira.

Zikaja wiki mbili za viganja. Fundi alipiga kama mtu mwenye kesi mahakamani. Dakika kumi zikawa kumi na tano. Alifuata pafu lote, juu, kati, chini, mbele chini ya mfupa wa bega, mpaka jasho likamtoka kwenye ndevu. Siku nne za kwanza yalitoka makohozi mazito yenye rangi mbaya, ya zile siku kumi na nne, na kila aliyoyaona alijua yalikaa humo kwa ajili ya nani. Hakulala vizuri, lakini pia hakusema. Kufikia siku ya saba yakawa meupe, na siku ya kumi kifua kilikuwa kinaitika chini ya mkono kote, pasipo sehemu bubu hata moja. Hakuhitaji mashine. Ilikuwa sitini na saba, pengine sitini na nane.

Binti alilala pale bila neno. Zamani alikuwa na tabia ya kuimba akipigwa, tangu utotoni, kwa sababu sauti ilitetemeka ikamchekesha. Sasa alikuwa gogo. Mara moja tu fundi alimwuliza kama anamwumiza, akajibiwa kwamba makubaliano hayakuwa na mazungumzo.

Siku ya mwisho walikwenda wote watatu. Mama alisema anataka kuona mwenyewe nani atamwaibisha nani. Bwana Mipira akaweka bomba jipya, binti akasimama, akavuta hewa, akapuliza.

Fundi aliinua kichwa. Watu wengine chumbani waliona msichana anayepuliza kwenye bomba, mashavu yamejaa na macho yamemtoka. Yeye alisikia mtu anayejifanya anapuliza. Pumzi ilianza kwa kelele, kisha ikazuiwa kooni. Hamsini na nne. Ya pili, hamsini na tatu. Ya tatu, hamsini na nne.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini binti alikuwa ameipima vizuri kama anavyopima viwanja. Kiko sitini na moja, viganja hamsini na nne. Aligeuka akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza baada ya mwezi, na jicho lake halikuwa na aibu hata chembe.

Kosa lake ni kwamba alisahau yuko wapi. Bwana Mipira hakuwa anahukumu mashindano, alikuwa anatazama mgonjwa aliyepoteza pointi kumi na moja kwa mwezi mmoja. Akaufunga mlango, akaketi.

“Hii siwezi kuiacha,” alisema. “Ikishuka zaidi ya kumi, utaratibu ni kulazwa. Wiki mbili za dawa kwa dripu, pengine tatu. Namwita daktari sasa hivi.”

“Naanza kazi baada ya siku kumi,” binti alisema.

“Kazi itasubiri.”

“Haisubiri. Wameandika kwenye barua, nisipofika siku hiyo nafasi inapewa mwingine.”

“Dada yangu, mapafu hayana nakala.”

Rangi ilimtoka binti usoni. Kusema kweli ni kukubali kwamba alidanganya, na viganja vimeshinda, na barua ya kukataa iandikwe. Kunyamaza ni kulazwa, na kazi iende. Alikuwa amejichimbia shimo na kujifukia mwenyewe, na hakumtazama tena baba yake.

Fundi aliona yote hayo. Aliona kwamba ameshinda kwa njia zote mbili, na kwamba haikumpasa hata kunyanyua mkono. Angekaa tu hapo, kama alivyokaa nyuma ya ukuta. Huku akiwaza hivyo akaelewa pia jambo jingine, na hilo lilimwuma kuliko alivyotarajia. Mtoto wake alikuwa tayari kuandikwa kwenye faili kwamba anazidi kufa, mradi tu atoke chini ya mikono yake.

“Mrudishie bomba,” alisema.

“Mzee?”

“Nimesema mrudishie. Hajapuliza huyu. Hiyo siyo pumzi yake.”

“Wewe unajuaje pumzi yangu?” binti alisema, na sauti ilimtoka ya chini yenye chuki safi.

“Puliza,” baba yake alisema. “Au lala hapa wiki tatu. Chagua.”

Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Binti akalichukua bomba, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akapuliza kwa hasira yote aliyokuwa nayo, na ilikuwa nyingi. Mstari ukapanda kwenye kioo kama paa la nyumba. Sitini na nane. Bwana Mipira alimtazama binti, akamtazama baba, akafuta zile za mwanzo. Akasema kwa upole kwamba mashine yake si ya kuchezea, na kwamba wakija tena na mashindano atawafukuza wote watatu.

Nyumbani binti alikaa mezani, akachukua karatasi na kalamu.

“Nimedanganya nikakamatwa,” alisema. “Umeshinda. Naandika barua yako.”

“Amedanganya,” fundi alimwambia mkewe, kwa sababu kichwa chake kilikuwa bado kinatafuta mahali pa kusimama. “Umeona mwenyewe. Mbele ya watu.”

“Nimeona,” mkewe alisema. “Na wewe usivyoketi tangu turudi nimeona pia. Kunya anye kuku. Sema ulichonacho.”

Fundi alibaki amesimama. Kalamu ilikuwa imeshaandika tarehe na anwani.

“Usiandike,” alisema.

“Kwa nini?”

“Kiko ulikuwa unakiinamisha. Gololi haikucheza. Ukikiinua kidole kimoja tu kitafanya kazi, tena vizuri. Zile sitini na moja siyo zake.”

Binti aliweka kalamu chini. “Umejuaje?”

“Nilisikia.”

“Lini?”

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema mwishoni. “Siku ya tatu,” alisema.

Ilimchukua binti muda mfupi tu kufanya hesabu. “Siku kumi na moja,” alisema. “Ulikaa nyuma ya ukuta siku kumi na moja ukisikia ute unakaa kifuani mwangu. Ukaja mpaka kwenye pipa ukauona umeoza. Ukarudi kugonga misumari.”

“Nilitaka ubaki.”

“Kaka yangu alikufa kwa sababu hamkujua,” binti alisema. “Mimi ulijua.”

Mama akasema jina la Mungu, polepole, akatoka nje. Binti akaichana ile karatasi mara mbili, akaiweka mezani mbele ya baba yake.

“Naondoka wiki ijayo,” alisema. “Sitasubiri hizo siku kumi.”

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, fundi alisimama kando ya benchi, mikono imeoshwa. Binti alipita mbele yake kama anapita kando ya nguzo. Akaketi mezani, viwiko juu ya meza, mgongo umenyooka, akakiweka kiko mdomoni.

Fundi akamfuata. Alikuwa na nia njema safari hii, ya kuweka kiganja tu kati ya mabega, bila kupiga, ili ahisi kama mtetemo unafika na amwambie.

“Toa mkono, baba.”

Akautoa.

Binti alikiinua kiko, kidole kimoja, akapuliza. Gololi ikanguruma. Akapuliza tena, mara kumi, akapumzika, akatoa pumzi mdomo wazi mara tatu. Ute ukasikika ukipanda kutoka mbali, akakohoa, akatema, akafunga kifuniko. Akaanza duru ya pili.

Fundi alirudi karakana. Akakaa kwenye kochi la mteja ambalo halijaisha, springi zikiwa wazi chini yake, mikono magotini, akasikiliza kupitia ukuta mpaka mwisho. Alikuwa anatafuta kosa, na hakulipata.